Namna ya Kukagua Kozi na Programu za Masoko ya Mtandaoni Kabla ya Kuzilipia

Miaka michache iliyopita, mwezi wa sita, wakati alizeti mpya inaingia kwenye mashine za kukamulia hapa Dodoma na bei ya mafuta inashuka, nililipa shilingi 85,000 kwa ajili ya kozi iliyoahidi kunifundisha kuuza bidhaa zangu mtandaoni ndani ya siku 30. Fedha hiyo haikuwa ya akiba. Ilikuwa sehemu ya mtaji niliokuwa nimeutenga kununulia madumu ya lita 20 kabla bei haijapanda tena. Nilichopokea ni faili moja la PDF lenye kurasa 62, pamoja na nafasi katika kundi la WhatsApp ambalo wasimamizi peke yao ndio walioruhusiwa kuandika. Ukurasa wa 14 ulinielekeza nibonyeze kitufe ambacho Facebook ilikuwa imekwisha kukiondoa. Ukurasa wa 31 ulinishauri niandae punguzo la bei kwa ajili ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, ile inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Bei zote za mifano zilikuwa kwa dola, na hapakuwa na mahali hata pamoja palipotajwa Lipa Namba, wala namna ya kumtumia mteja mzigo kwa basi.

Niliumia, na bado naumia kila ninapomsikia mfanyabiashara wa Majengo au wa Nzuguni akisimulia habari ileile, kwa sababu kinachopotea si ile fedha tu. Aliyeuziwa kitu kibovu mara moja huanza kuamini kwamba biashara ya mtandaoni yenyewe ni uongo, au, vibaya zaidi, kwamba yeye ndiye asiyekuwa na akili ya kuielewa. Ndiyo maana nimeandika hapa hatua ninazozifuata sasa kila ninapoletewa kozi, programu au kifurushi cha masoko, ili mwenye mtaji mdogo aweze kukikagua kwa kutumia simu yake mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Anza na biashara yako, si na tangazo

Kabla ya kumchunguza muuzaji, andika kwenye daftari ni kitu gani hasa kinachokukwamisha. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ana mavuno mawili kwa mwaka, na zabibu mbichi hazingoji; kozi ya miezi mitatu, hata ikiwa nzuri, inaweza kumalizika wakati matunda yamekwisha kuoza au kuuzwa kwa hasara. Mfanyabiashara wa mahindi wa soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, anauza kwa magunia kwa watu wanaokuja na malori, na wafuasi 10,000 wa Instagram hawatamsaidia kama wanunuzi wake ishirini wa kudumu ambao namba zao anazo tayari. Anayeuza ubuyu, karanga za kusaga au mafuta ya alizeti kwa rejareja ana hitaji jingine kabisa: anataka watu wa mjini hapahapa wajue kwamba yupo, wajue bei, na wapelekewe bidhaa mlangoni.

Ukishaandika hitaji lako kwa sentensi moja, jiulize: nikikinunua kitu hiki leo, ni kazi gani nitaweza kuifanya wiki ijayo ambayo sasa siwezi kuifanya? Jibu likiwa ni neno kubwa lisiloshikika, kama vile uhuru wa kifedha au kubadilisha maisha, basi bado hujaambiwa unachouziwa.

Jua namna bidhaa hizi zinavyotengenezwa

Vitu vinavyouzwa kwa jina la masoko ya mtandaoni ni vya aina tatu: maarifa, yaani kozi na vitabu vya PDF, zana, yaani programu za kutuma ujumbe, kutengeneza kurasa au kusimamia wateja, na watu, yaani wafuasi wa kununua na orodha za namba za simu. Aina ya kwanza ndiyo inayowaumiza wengi hapa kwetu, na ni vema nieleze jinsi inavyopatikana, kwa sababu ukishajua hilo utaacha kushangaa ubovu wake.

Wapo waandishi, wengi wao wa Marekani na nchi nyingine zinazozungumza Kiingereza, wanaoandika vitabu na masomo ya namna hii kwa lengo la kuviuza pamoja na haki ya kuviuza tena. Mnunuzi anaruhusiwa kubadilisha jalada, kuweka jina lake na kukiuza kitabu kama chake, na kitabu hichohicho kinaweza kuwa kimeuzwa kwa mamia ya watu wengine kwa masharti yaleyale. Mtu wa kwetu hukichukua kwa bei ndogo, hukipitisha kwenye programu ya kutafsiri, kisha hukitangaza kuwa ni siri alizozigundua mwenyewe kwa miaka mingi. Hapo ndipo sikukuu ya Shukrani inapoingia Dodoma. Anayekuuzia huenda hajawahi hata kukisoma kitabu hicho mpaka mwisho.

Njia ya kukitambua ni rahisi. Omba orodha ya sura au kurasa mbili za mwanzo, kisha chukua sentensi moja ndefu, iweke kati ya alama za kunukuu, na uitafute kwenye Google. Ikiwa imetafsiriwa, tafuta vichwa vya sura kwa Kiingereza, kimoja baada ya kingine. Mpangilio wa sura ukifanana na wa kitabu kinachogawiwa bure kwingine, umepata jibu. Angalia pia lugha yenyewe. Kiswahili kinachosema kwamba mteja ni "trafiki" na kwamba unapaswa "kuendesha trafiki" hakikuandikwa na mtu aliyewahi kusimama nyuma ya meza ya duka.

Mkague muuzaji kwa macho yako

Hatua hii nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi na haigharimu chochote isipokuwa bando.

Fungua kwanza Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na utafute jina la ukurasa wa muuzaji. Utaona matangazo yanayoendelea kwenye Facebook na Instagram na tarehe yalipoanza. Mimi huangalia jambo moja hasa: mtu anayedai kwamba ameuza nguo, viatu na vipodozi kwa mbinu zake, je, kuna tangazo lake lolote la nguo, viatu au vipodozi? Ikiwa kila tangazo ni la kozi, basi kipato chake kinatokana na kozi, na picha za miamala anazozionesha zinathibitisha tu kwamba watu kama wewe wamemlipa.

Kisha ingia kwenye ukurasa wake. Facebook ina sehemu ya uwazi wa ukurasa inayoonesha ulianzishwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Instagram nayo, chini ya maelezo kuhusu akaunti, huonesha tarehe ya kujiunga na, mara nyingi, majina ya zamani. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho mwaka juzi, wa mikeka ya mpira mwaka jana, na wa ushauri wa biashara mwaka huu, umenunuliwa au umehamishwa pamoja na wafuasi wake. Linganisha pia idadi ya wafuasi na mazungumzo yaliyopo: wafuasi 40,000 na maoni manne ya alama za moto tupu hayapatani.

Picha za watu wanaotoa ushuhuda zipitishe kwenye Google Lens, yaani zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha, kwa kuwa sura ileile mara nyingi huonekana ikishuhudia dawa ya nywele katika nchi nyingine. Na ukiona saa inayohesabu kurudi nyuma, ikidai kwamba ofa inaisha baada ya dakika 59, ufungue ukurasa huo kwa simu ya mtu mwingine. Saa ikianza upya kwenye dakika 59, ujue kwamba ni kifaa kilichowekwa ndani ya ukurasa na hakuna ofa yoyote inayoisha.

Jina la kampuni lichunguze BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ambako utafutaji wa majina unafanyika mtandaoni. Hata hivyo, usajili unathibitisha kwamba muuzaji yupo. Hauthibitishi kwamba anachouza kina thamani, na wapo wanaotumia cheti cha BRELA kana kwamba ni cheti cha ubora. Mwisho wa ukaguzi huu ni kwenye malipo: kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalojitokeza kwenye simu. Biashara ya kweli inaweza kukupa Lipa Namba yenye jina lake. Ukiambiwa utume kwa namba binafsi yenye jina la mtu ambaye hajatajwa popote, simama hapo.

Maswali manne, na majibu ya kutarajia

Dada mmoja wa Ipagala anayeuza unga wa ubuyu na karanga za kusaga aliniomba nimsaidie kuamua juu ya kozi ya shilingi 60,000. Tulikaa na simu yake mezani na akayaandika maswali mwenyewe. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Kaka, habari za kazi. Naomba kujua masomo ya kozi yako yalirekodiwa lini."

"Salama dada yangu. Kozi ina kila kitu unachohitaji. Nafasi zimebaki tatu tu."

"Nashukuru. Naomba basi nione somo moja zima kabla ya kulipa."

"Dada, siri haziwezi kutolewa bure. Lipia leo, kesho bei inapanda mara mbili."

"Je, kuna mwanafunzi wako wa Dodoma anayeuza chakula ninayeweza kumpigia?"

Swali hilo lilisomwa, alama mbili za buluu zikaonekana, na halikujibiwa. Dada hakulipa. Wiki tatu baadaye tangazo lilikuwa bado lipo, nafasi zilikuwa bado tatu, na bei ilikuwa bado 60,000.

Maswali matatu aliyoyauliza ndiyo ya msingi. Tarehe ya kurekodi ni muhimu kwa sababu Facebook, Instagram na WhatsApp hubadilisha mpangilio wa vitufe na masharti yao mara kwa mara, na somo la miaka minne iliyopita linaweza kukupeleka kwenye ukurasa usiokuwepo. Somo moja zima hukuonesha sauti inasikika vipi, mwalimu anaonesha kazi kwa vitendo au anasoma slaidi, na mifano yake inatoka wapi. Mwanafunzi wa kupigiwa simu lazima awe anauza kitu kingine kisichokuwa kozi hiyohiyo. La nne, ambalo dada hakufika kuliuliza, ni la marejesho: ni katika hali gani nitarudishiwa fedha, ndani ya siku ngapi, na je, unaweza kuniandikia hivyo? Mwalimu mzuri hukasirishwa mara chache na maswali haya. Ninamfahamu mmoja ambaye, alipoulizwa, alisema wazi kwamba kozi yake haimfai mtu asiyekuwa na bidhaa tayari, na ni yeye niliyemlipa baadaye bila kujuta.

Kozi inapogeuka upatu

Ipo kozi ambayo somo lake kubwa ni namna ya kuwauzia wengine kozi hiyohiyo ili upate kamisheni, na kila ngazi unayopanda inakudai ulipie zaidi. Watu wa nchi hii hawajaisahau DECI, iliyowahimiza watu kupanda fedha na kungoja mavuno mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009. Mtandao umebadilisha sura tu. Huko Marekani, mwaka 2018, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliifungulia shauri kampuni ya MOBE, ikidai kwamba iliwavuta watu kwa mfumo wa hatua 21 uliouzwa kwa dola 49, kisha ikawasukuma wanunue uanachama wa maelfu ya dola, na kwamba watu walipoteza zaidi ya dola milioni 125. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ondoa kabisa fedha ya kuingiza watu wapya, kisha angalia kama kuna bidhaa ambayo mtu wa kawaida angeinunua kwa ajili ya matumizi yake. Isipokuwepo, ondoka.

Programu za kutuma ujumbe, na namba za watu

Kuhusu wafuasi wa kununua sina mengi ya kusema. Hawanunui, na akaunti zao hufutwa. Orodha za namba za simu ni hatari zaidi. Muuzaji atakuambia ana namba 50,000 za wakazi wa Dodoma na programu ya kuwatumia wote ujumbe wa WhatsApp kwa mara moja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi ambayo hakukupa wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imegusa ujumbe unaotumwa kwa watu wasiouomba. Pamoja na hayo, WhatsApp huzifungia namba zinazotumia programu zisizo zake, nawe utapoteza namba ambayo wateja wako wa kweli wanaijua. Orodha ya matangazo iliyomo ndani ya WhatsApp yenyewe inachukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Watu wengi huona kikwazo hicho kuwa kero, lakini mimi nakiona kuwa faida, kwa kuwa aliyeihifadhi namba yako ni mtu anayekusudia kununua tena.

Jaribu kwanza kwa kilicho bure

Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa ghali inapatikana bila malipo kwa wenye mitandao hiyo wenyewe. Meta ina masomo yake ya Blueprint, Google ina Skillshop, na WhatsApp Business ni programu ya bure yenye katalogi ya bidhaa, salamu za kujituma zenyewe na lebo za kutenganisha wateja waliolipa na wanaosubiri mzigo. Wasifu wa biashara kwenye Google nao ni bure, na humsaidia anayetafuta mafuta ya alizeti akiwa Kisasa au Area C kukuona kwenye ramani. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi ya mkoa hapa Dodoma, na huko unaweza kuuliza uso kwa uso juu ya mafunzo ya ujasiriamali na ufungashaji.

Kisha fanya jaribio lako mwenyewe na uandike hesabu. Tangazo langu la kwanza nililiachia lionekane Tanzania nzima kwa shilingi 25,000. Nilipata ujumbe 18, mwingine kutoka Mwanza na Mtwara, ambako nauli ya dumu ingemeza faida yote. Walionunua walikuwa watatu, faida ilikuwa 4,000 kwa kila dumu, kwa hiyo nilipata 12,000 na hasara ikawa 13,000. La pili nililifunga lionekane kwa walio Dodoma mjini na maeneo ya karibu tu, kwa fedha ileile, picha ileile na bei ileile. Ujumbe ulipungua mpaka 11, lakini walionunua walikuwa saba, yaani faida ya 28,000 na ziada ya 3,000. Ziada hiyo ni ndogo, nakiri, ila wanne kati ya wale saba walirudi kununua mwezi uliofuata bila tangazo lolote. Hesabu hii ya kurasa mbili za daftari ilinifundisha zaidi ya zile kurasa 62.

Ikiwa umekwisha kulipa

Usifute chochote. Hifadhi picha za tangazo lenye ahadi, ujumbe wa muamala, faili ulilopewa na mazungumzo yote, kwa sababu ukurasa wa muuzaji unaweza kutoweka usiku mmoja. Tofautisha bidhaa dhaifu na utapeli. Aliyechukua fedha akazima simu ni wa kuripotiwa polisi, na ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma hutumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kazi hiyo. Aliyekupa kitu kisicholingana na ahadi ni wa kudaiwa kwanza kwa maandishi, na akikataa, malalamiko yanaweza kufikishwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Andika kwa heshima, kwa ufupi, na utaje vitu vinavyoweza kuhakikiwa. Mimi niliandika hivi: "Ndugu, tarehe 9 Juni nililipa shilingi 85,000 kwa kozi iliyotangazwa kuwa na masomo ya video 20 na msaada wa kila siku kwa siku 30. Nimepokea PDF moja, sijapokea video, na katika kundi siwezi kuuliza swali. Naomba nirejeshewe fedha yangu ndani ya siku saba. Nimeambatanisha picha ya tangazo lako na ya muamala." Siku ya sita alipiga simu, akaniita kaka mkubwa, akaeleza kwamba video bado zinaandaliwa. Nikamjibu kwamba sitadai zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye tangazo lake. Wiki mbili baadaye zilirudi shilingi 40,000, na siku hiyohiyo nikazipeleka kwenye mashine ya kukamulia kuwa malipo ya awali ya dumu.